Traigliseraidi zikipanda: dawa zake ni za nini hasa na unazimezaje bila kujiumiza

Umepima damu, karatasi imerudi, kuna mstari umeandikwa TG, yaani traigliseraidi, na mshale wa juu, daktari kakuandikia dawa na unatoka pale unajua kitu kimoja tu, kwamba "nina mafuta kwenye damu". Mafuta gani sasa? Kolesteroli na traigliseraidi sio kitu kimoja, japo zinapanda daladala moja kwenye damu. Traigliseraidi ni mafuta ya akiba. Chakula kikizidi matumizi, hata kama hakikuwa na mafuta, yaani mlima wa ugali, soda, chapati tatu, bia, ini linakigeuza kuwa traigliseraidi yakahifadhiwe. Ndo maana mtu anabishana na karatasi, "mbona hata nyama nono sili".

Chini ya 150 uko vizuri, 150 hadi 199 uko mpakani, 200 hadi 499 zimepanda, 500 kwenda juu zimepanda sana. Hiyo ni kwa mg/dL. Maabara nyingine wanaandika mmol/L, hapo mwisho wa kawaida ni 1.7 na ile 500 inakuwa 5.6, kwa hiyo usimcheke mwenzako mwenye 265 wakati wewe una 3, mko sawasawa kabisa.

Sasa hapa ndo penye kazi, maana wengi tunadhani kidonge ni kidonge, kinashusha mafuta basi. Hapana. Inategemea namba yako inatishia nini. Ukivuka 500, na hasa ukifika 1000, hofu kubwa ni kongosho, linaweza kuvimba ghafla, maumivu makali juu ya tumbo yanapenya hadi mgongoni pamoja na kutapika, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, sio kutafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Hapo daktari mara nyingi anatoa fenofibreti au jemfibrozili, dawa za familia inayoitwa fibreti, ili namba ishuke. Lakini kama uko chini ya 500, hofu ni moyo na kiharusi, na dawa inayoanza huwa ni statini, yaani zile za kushusha kolesteroli, kama atovastatini au rosuvastatini. Kushusha namba peke yake hakutoshi: mwaka 2010 utafiti wa ACCORD uliwaongezea fenofibreti watu wenye kisukari waliokuwa tayari kwenye simvastatini, na kwa ujumla mishtuko ya moyo haikupungua. Mwaka 2022 ukaja utafiti wa PROMINENT na dawa nyingine ya familia ya fibreti, traigliseraidi zikashuka kweli, moyo haukupata nafuu. Kwa hiyo muulize daktari bila aibu: hii ni ya kongosho au ya moyo?

Kuna na ile omega-3 ya kuandikiwa na daktari, gramu 4 kwa siku. Usiichanganye na mafuta ya samaki ya kwenye chupa za dukani, kidonge cha kawaida cha gramu 1 kinabeba kama miligramu 300 tu za omega-3 yenyewe, fanya hesabu utameza vingapi. Na hata hiyo ya daktari inaweza kuvuruga mapigo ya moyo au kukufanya utoke damu kirahisi.

Hatari yenyewe ya hizi dawa, kwa maoni yangu, iko kwenye kuchanganya. Jemfibrozili na statini zikikutana misuli inaweza kuanza kuyeyuka, mabaki yake yanaenda kuziba figo. Agosti 2001 Bayer waliondoa sokoni statini yao ya serivastatini baada ya vifo vya namna hiyo, na kadhaa kati ya waliokufa walikuwa wanameza na jemfibrozili. Kwa hiyo misuli ikiuma bila sababu, unalegea, mkojo unageuka rangi ya soda nyeusi, acha dawa na uende hospitali. Ikibidi kuunganisha na statini, madaktari huchagua fenofibreti, ina afadhali. Wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo inapata nguvu zaidi ukiwa kwenye fibreti, damu inaweza kugoma kuganda. Na hili watu wanalificha: kama uko kwenye ARV zenye ritonaviri, mwambie anayekuandikia, maana simvastatini na ritonaviri haziruhusiwi kabisa kukaa pamoja. Unyanyapaa tunaujua, ila hapo kimya chako ndo sumu. Mjamzito au anayetafuta mimba aseme mapema, na mwenye figo mbovu au mawe kwenye nyongo vilevile.

Halafu ile tabia ya kupewa vidonge na jirani "mi zilinisaidia", sijui hata niseme nini. Jirani anaweza kuwa na figo nzima, wewe huna.

Kumeza kwenyewe: fenofibreti nyingi zinataka chakula, jemfibrozili nusu saa kabla ya kula asubuhi na jioni. Umesahau dozi, usimeze mbili kwa mpigo. Na kabla ya yote mtu aangaliwe kwanza kwanini zimepanda, kisukari kisichodhibitiwa, pombe, tezi ya thairoidi iliyolala, hata dawa ya prednisoloni inazipandisha, ukitibu chanzo wakati mwingine kidonge hakihitajiki.

Baada ya wiki 4 hadi 12 utaitwa upime tena, pamoja na ini na figo. Namba ikiwa nzuri usiache mwenyewe, huenda ni dawa ndo inaishikilia. Kabla ya kupima kaa bila kula kwa muda wa saa 10 hadi 12, maji tu ruksa, maana ukipiga chai ya maziwa na maandazi asubuhi ndo uende maabara, daktari anaweza kukuongezea dozi kwa ajili ya maandazi.