Gimiki kwenye mieleka: Demolition walivyopanda na walivyoshuka

Gimiki ni sura ambayo mwanamieleka wa kulipwa huivaa kila anapopanda ulingoni. Ndani yake mna jina, mavazi, muziki wa kuingilia, namna ya kutembea na kuongea, asili anayodai kuwa nayo na, zaidi ya yote, upande wake: ni stelingi au ni adui. Katika mieleka ya Marekani matokeo hupangwa kabla ya pambano. Mianguko ni ya kweli na majeraha ni ya kweli, ila mshindi anafahamika tangu chumba cha kubadilishia nguo. Kwa hiyo mtu hakati tiketi ili ajue nani ana nguvu kuliko mwenzake. Anakata tiketi kwa sababu yuko anayempenda, na yuko mwingine anayetamani kumwona akipigwa. Mapenzi hayo na chuki hiyo hutengenezwa na gimiki.

Si lazima gimiki ilingane na maisha ya mtu. Kofi Kingston alizaliwa Ghana, lakini alipoingia WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, mwaka 2008 alitangazwa kuwa Mjamaika, lafudhi ikiwa ya Kijamaika na mapozi ya Kijamaika. Ulipita muda kabla hajaachwa awe Mghana mbele ya kamera. Barry Darsow ni mtu wa Minnesota, lakini katikati ya miaka ya 1980 alijiita Krusher Khruschev akapigana upande wa Warusi. Vita Baridi ilikuwa bado ipo, na watazamaji wa Marekani walimzomea kwa moyo wote. Darsow tutakutana naye tena, maana ni nusu ya timu ninayotaka kuizungumzia.

Kwa mtu mmoja, gimiki inaweza kuishi muda mrefu hata ikiwa dhaifu, kwa sababu kipaji chake huibeba. Kwa timu mambo ni mengine. Watu wawili wenye miili tofauti, umri tofauti na historia tofauti wanatakiwa waonekane kitu kimoja. Mmoja akiyumba, au akibadilishwa, mtazamaji anauona ufa mara moja. Timu iliyonionyesha jambo hili vizuri kuliko zote ni Demolition, waliokuwa WWF, kampuni ambayo leo tunaiita WWE, kuanzia 1987 hadi 1991.

Mwanzo wao hauelezeki bila kuwataja Road Warriors. Hawa walikuwa Hawk na Animal, vijana wawili wenye misuli mikubwa waliounganishwa mwaka 1983 huko Georgia. Walipaka rangi usoni, wakavaa mabega ya miiba ya chuma, na walikuwa wakiwamaliza wapinzani haraka sana. Walivuma Marekani na Japani. Tatizo la WWF ni kwamba Road Warriors hawakuwa wafanyakazi wake. Basi mwanzoni mwa 1987 WWF ikaingiza timu yake yenyewe ya watu wakubwa waliopaka rangi: Ax na Smash, kwa pamoja Demolition.

Ax alikuwa Bill Eadie, mtu mzima kwenye kazi hii, aliyekuwa amepigana miaka mingi nyuma ya kinyago kwa jina la Masked Superstar. Smash wa kwanza alikuwa Randy Colley. Hapo ndipo gimiki ilipopata mtihani wake wa kwanza, na ikafeli. Miaka michache nyuma Colley alikuwa amepita WWF hiyo hiyo akiwa Moondog Rex, jitu lenye nywele na ndevu za kimanjano lililokuwa likitafuna mfupa. Rangi haikutosha kumficha. Mashabiki walimtambua wakawa wanampigia kelele za "Moondog" katikati ya pambano. Unaweza kumvika mtu mavazi meusi ya ngozi na kinyago, lakini watu wakishaita jina lake la zamani, Smash hayupo tena. Colley akaondolewa upesi, na nafasi yake akapewa Darsow.

Uchaguzi huo ulikuwa wa akili. Darsow alifundishwa Minnesota na Eddie Sharkey, mwalimu yule yule aliyewafundisha Hawk na Animal. Kwa hiyo wanaosema Demolition walikuwa nakala tu wanasahau kwamba Smash alitoka chungu kimoja na wale wa asili.

Nakala walikuwa, sikatai. Ila ukiangalia mapambano yao ya 1988 unaona wanafanya kazi tofauti kabisa. Road Warriors walikuwa nguvu na kasi. Demolition walikuwa wazito, wa pole pole, na hawakumwachia mpinzani nafasi ya kupumua. Waliingia wakiwa na vinyago vya ngozi vyenye vifungo vya chuma, wakavivua wakishafika ulingoni, na chini yake rangi ikajitokeza: nyeusi, nyekundu, ya fedha, michoro ikibadilika kutoka usiku hadi usiku. Kisha kazi ilianza. Ax anampiga mtu mgongoni kwa mikono yote miwili iliyofungwa, pigo baada ya pigo, kama anayetwanga. Anampa Smash zamu, naye anaendelea pale pale mwenzake alipoishia. Pigo lao la mwisho lilikuwa hivi: Smash anamlaza mpinzani chali juu ya goti lake, shingo na kifua vikiwa wazi, na Ax anaruka kutoka kamba ya pili akimshukia kwa kiwiko. Hakuna sarakasi hapo, na ndiyo sababu liliaminika.

Meneja wao alikuwa Mr. Fuji, mzee mwenye suti, kofia ya duara na bakora. Bakora ile ndiyo iliyowapa ubingwa wa timu. Tarehe 27 Machi 1988, kwenye WrestleMania IV, onyesho kubwa la kila mwaka la WWF, Atlantic City, walikutana na Strike Force, yaani Tito Santana na Rick Martel, mabingwa waliopendwa sana. Martel alikuwa amembana Smash miguu kwa kumkunja kwa nyuma na ushindi ulionekana umefika. Ax akachukua bakora ya Fuji akampiga nayo Martel wakati refa haangalii. Mikanda ya ubingwa ikahama.

Kwa mpango wa kawaida, timu ya maadui inayoshinda kwa hila hushika mikanda miezi michache, stelingi wapya wakaja kuwavua. Hilo halikutokea. Watazamaji walianza kuwashangilia. Nadhani sababu ni ile kazi yao: walikuwa hawachezi na mtu, na mtazamaji anayependa mieleka anaheshimu jambo hilo hata kwa adui. WWF ilisikia kelele za ukumbini ikaamua kuwageuza wawe upande wa wema, na namna ilivyowageuza ni mojawapo ya mambo mazuri zaidi yaliyowahi kufanywa na kampuni hiyo.

Ilikuwa Survivor Series, Novemba 1988, Richfield, Ohio, katika pambano la timu kumi. Mwishoni walibaki Demolition, Powers of Pain (timu nyingine kubwa yenye rangi usoni, iliyokuwa ikipendwa) na akina Conquistadors. Smash akakimbilia kamba ili ajirushe kutoka pale, na Fuji, meneja wake mwenyewe, akaishusha kamba ya juu. Smash akaporomoka nje, akahesabiwa, Demolition wakatolewa. Ax na Smash wakamkabili mzee, mzee akapiga kwa bakora, nao wakamtia adabu. Ndipo Powers of Pain wakaja kumwinua Fuji, na baada ya dakika chache alikuwa meneja wao. Usiku mmoja, timu mbili zikabadilishana pande. Hakuna aliyebadilisha nguo wala rangi. Gimiki ya Demolition ilibaki vile vile hadi kwenye vifungo vya chuma, kilichogeuka ni nani aliyesimama mbele yao. Aprili 1989, WrestleMania V, walipigana wawili dhidi ya Powers of Pain pamoja na Fuji, na aliyelazwa kwenye goti la Smash mwisho wa pambano alikuwa Fuji mwenyewe.

Utawala huo wa kwanza ulidumu siku 478, hadi Julai 1989 walipopokonywa mikanda na Arn Anderson na Tully Blanchard. Waliirudisha mwaka huo huo, wakapoteza tena kwa André the Giant na Haku, na tarehe 1 Aprili 1990, WrestleMania VI pale SkyDome, Toronto, wakaitwaa mara ya tatu. Pambano lile linahuzunisha kulitazama. André alikuwa mgonjwa, hakuingia hata mara moja kama mpiganaji halali, Haku alifanya kazi yote peke yake. Teke la Haku lililokusudiwa mwingine lilimpata André, akanasa kwenye kamba, na Haku akabaki na watu wawili.

Juu kabisa walifika hapo. Anguko lilianza miezi michache baadaye, na kwa maoni yangu lilisababishwa zaidi na ofisi kuliko na wao.

Kwanza aliongezwa mtu wa tatu. Eadie alikuwa na miaka 42 na kampuni ilitaka kijana wa kushika nafasi yake, basi akaletwa Brian Adams kwa jina la Crush. Sheria ikawa kwamba wawili wowote kati ya watatu wanaweza kuitetea mikanda. Wakati huo huo wakarudishwa upande wa maadui, wakitumia rangi zao kudanganya: mmoja akichoka anabadilishana na mwenzake kisiri na refa hatambui. Wazo hili liliua gimiki kutoka ndani. Demolition walikuwa watu wasiohitaji ujanja. Watazamaji walianza kuwashangilia 1988 kwa sababu hiyo hasa. Sasa wakafanywa watu wa kujificha. Tena Crush alikuwa mrefu na kijana kuliko wenzake, mtu yeyote aliye kwenye kiti cha mbele aliona si Ax.

Pili, na hili ndilo zito, katikati ya 1990 Road Warriors walisaini WWF. Wakapewa jina la Legion of Doom, jina lililokuwa likiwafuata tangu siku zao za Georgia. Kampuni iliyounda Demolition kwa sababu ilikosa Hawk na Animal sasa ilikuwa na Hawk na Animal. Haikuwa na haja ya zote mbili, na ikajulikana haraka ni ipi itakayotolewa kafara.

Agosti 27, 1990, SummerSlam, Philadelphia, Smash na Crush waliitetea mikanda dhidi ya Hart Foundation, timu ya Bret Hart na Jim Neidhart, katika pambano la kushinda mara mbili kati ya tatu. Ax alikuwa amejificha. Mambo yalipokuwa magumu akajitokeza kutoka chini ya ulingo kuwasaidia wenzake, na Legion of Doom wakatoka mbio kumfichua. Hart na Neidhart wakaondoka na ubingwa. Demolition hawakuushika tena.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka na, niseme wazi, hakikuwa cha haki kwa timu iliyoibeba idara nzima ya timu kwa miaka miwili. Kwenye Survivor Series ya Novemba 1990, Ax aling'olewa mapema na Ultimate Warrior, na Smash na Crush wakaondolewa kwa kosa pamoja na Hawk na Animal. Hakukuwa na pambano kubwa la wawili kwa wawili, timu ya asili na nakala yake, lililomalizwa kwa heshima mbele ya dunia, na mashabiki wa enzi ile bado wanalidai. Usiku huo huo Undertaker alionekana WWF kwa mara ya kwanza, akiwa na gimiki iliyokuja kuishi miaka thelathini. Ax hakurudi. Machi 1991, WrestleMania VII, Los Angeles, Smash na Crush walipigwa na Wajapani wawili, Genichiro Tenryu na Koji Kitao aliyewahi kuwa bingwa mkuu wa sumo. Wakati huo timu ilikuwa imebaki jina tu.

Kilichowapata baadaye kinaonyesha jambo lingine kuhusu gimiki: kampuni huitoa na kampuni huichukua, na mtu hubaki akisubiri nyingine. Kabla ya mwaka 1991 kwisha Darsow alikuwa Repo Man, mnyang'anyi wa mali za wadaiwa, akinyata ulingoni na kamba ya kuvutia magari. Yule yule aliyekuwa akiwaponda watu kimya kimya. Adams, aliyezaliwa Kona, Hawaii, alirudi 1992 bado akiitwa Crush, lakini mavazi meusi ya ngozi na chuma yakaondoka, akavaa rangi kali za kisiwani akawa mtu wa kutabasamu na kupunga mkono. Miaka mingi baadaye Dudley Boyz, timu nyingine, walipoachana na WWE mwaka 2005 hawakuruhusiwa hata kuondoka na jina, wakalazimika kujiita Team 3D kwingine.

Rekodi ya siku 478 ilikaa miaka ishirini na saba. Iliyoivunja, Desemba 2016, ni New Day: Kofi Kingston, Big E na Xavier Woods, waliofika siku 483. Walianza 2014 wakiwa kama wahubiri wa furaha, watazamaji wakawakataa kwa kuwazomea, nao wakaikubali zomeazomea hiyo, wakageuka maadui wenye majigambo, kisha wakapendwa kupita kiasi kwa tarumbeta na pembe za kuvaa kichwani. Nao walikuwa watatu, na walitetea mikanda kwa sheria ile ile ya wawili wowote kati ya watatu. Tofauti ni kwamba wao walianza wakiwa watatu, na hakuna aliyeletwa ili mwingine aondoke.