Barm si Kiingereza kibovu

Wiki hii mwanafunzi anayejiandaa kwenda Manchester ameniuliza tena swali lile lile: ayakwepe vipi "maneno ya mitaani" ya vyakula, asije akaharibu Kiingereza chake? Nimelijibu mara nyingi mno kwa mdomo, sasa naliandika.

Mengi ya maneno hayo si misimu, ni lahaja. Barm ya Manchester, yaani skonzi ya kutia chipsi au nyama, jina lake limetokana na neno la Kiingereza cha kale la povu la hamira linalokaa juu ya bia inapochachuka. Waokaji waliumulia unga kwa povu hilo. Neno lilikuwapo karne nyingi kabla ya Kiingereza sanifu kuwapo, sasa limeharibu nini?

Ukienda Nottingham utasikia skonzi kama hiyo ikiitwa cob, Coventry batch, Sheffield breadcake. Kinachoniudhi ni orodha za mtandaoni zinazoyapanga yote kama visawe. Stottie ya Newcastle ni mkate wa aina yake, bapa, mpana, mzito wa kutafuna. Anayeiita jina lingine la barm hajaila. Tazama pia teacake. Sehemu nyingi za Uingereza ina zabibu kavu, hupasuliwa, ikachomwa na kupakwa siagi. Ila sehemu za West Yorkshire ni skonzi tupu, na ukitaka yenye zabibu lazima useme currant teacake. Anayekariri orodha ataletewa asichokiomba.

Ramani za lahaja nazifundisha, lakini mistari yake, inayotenga eneo la neno moja na la jingine, siiamini sana. Utafiti mkubwa ambao nyingi zimeuegemea, wa Chuo Kikuu cha Leeds chini ya Harold Orton, uliokusanya maneno katika maeneo 313 kati ya 1950 na 1961, ulipendelea vijiji na wanaume wazee. Miji mikubwa ilipata nafasi ndogo. Wanawake walihojiwa wachache, ilhali mkate wa nyumbani wameuoka wao! Kwa maneno ya shamba naukubali. Kwa maneno ya jikoni nina shaka nao.

Snap, neno walilotumia wachimba makaa wa Nottinghamshire na Yorkshire kwa chakula cha kazini, wengi bado wanalisema. Na kaskazini, kwa wengi dinner ni chakula cha mchana na tea ni cha jioni. Ukialikwa tea saa kumi na moja, usile kabla: utapakuliwa sahani nzima.