Kufungua poti 53 nusu nusu

Mteja mmoja alinipigia simu asubuhi: "Fundi, tovuti nyingine zinafunguka, nyingine zinagoma." Nikaenda. Ping, jaribio la kuona kama mashine ya mbali inafikika, inajibu vizuri, waya ni wazima. Kosa nililikuta kwenye faiawoli, kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao: aliyeisanidi alifungua poti 53, yaani mlango wenye namba hiyo, kwa UDP, upande wa TCP akauacha umefungwa. UDP na TCP ni itifaki, taratibu mbili za kusafirisha data: TCP huunganisha pande mbili kwanza, UDP hutuma moja kwa moja.

Poti 53 ni ya DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Swali la DNS kwa kawaida husafiri kwa UDP kwa kuwa ni nyepesi: swali linakwenda, jibu linarudi, hakuna kubisha hodi kwanza. Kikomo cha awali cha jibu la UDP kilikuwa baiti 512. Siku hizi kinaweza kuongezwa, ila jibu likizidi kipimo seva hulikata na kumwashiria muulizaji aje tena kwa TCP. Akija, anakuta pamefungwa. Basi majibu mafupi yanapita, marefu yanakwama, na mtumiaji anaona intaneti ina ubaguzi. Vijana ninaofanya nao kazi nawaambia kila siku: ukitaja poti, taja na itifaki yake.

Kila itifaki kati ya hizo mbili ina namba zake, 0 hadi 65535. Zile za mpaka 1023 zimetengewa huduma maarufu, na daftari linatunzwa na IANA, taasisi inayogawa namba za intaneti. Ni makubaliano tu. Tatu Ylönen wa Ufini alipotengeneza SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali, mwaka 1995, baada ya manenosiri kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake, aliomba namba 22 kwa sababu ilikuwa tupu katikati ya 21 ya FTP (kuhamisha mafaili) na 23 ya Telnet (kuingia kwenye mashine ya mbali), huduma mbili alizotaka kuziondoa kazini. Akapewa. Telnet hupeleka nenosiri wazi kama lilivyoandikwa, kwa hiyo nikiikuta ruta inasikiliza 23 naizima kabla sijafanya jingine lolote.

Barua pepe huwachanganya wengi. Poti 25 ni ya seva kuzungumza na seva. Wewe unayetuma kutoka kwenye simu au kompyuta tumia 587 au 465. Watoa huduma wengi wa intaneti huziba 25 ili kuzuia barua taka, kwa hiyo ankara unayotuma kwa barua pepe isipotoka, angalia hapo kwanza. Kusoma barua zilizo kwenye seva kwa IMAP iliyosimbwa ni 993. Wavuti ni 80 na 443, na HTTP/3, toleo jipya la itifaki ya wavuti, hupita 443 ya UDP.

Kinachoniuma ni kukuta 445 ya kushirikiana mafaili ya Windows imeachwa wazi kwa dunia nzima. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ilipenyea humo humo, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa.

Kwenye seva yako ya Linux andika `ss -tuln`, amri inayoorodhesha poti zinazosikiliza, usome mstari kwa mstari. Ukiona `127.0.0.1:3306`, MySQL (programu ya hifadhidata, poti yake ni 3306) inasikiliza programu za mashine hiyo hiyo tu. Ukiona `0.0.0.0:3306`, inapokea wageni kutoka kila upande, na kama seva ina anwani ya umma, kilichobaki kukukinga ni faiawoli na nenosiri. Rekebisha `bind-address`, mpangilio wa MySQL unaosema isikilize anwani ipi, washa MySQL upya, kisha endesha amri ile ile tena uhakikishe mstari umebadilika.