Kwa Nini Kijiti cha Mtini Huchipua Majani Kisha Hufa?

Tini twazijua tangu chuoni, kwenye Surat At-Tin. Ila ukikata tawi la mtini ukalichomeka mchangani nyuma ya nyumba hapa Lamu, mambo huwa haya: baada ya wiki chache majani mabichi yatoka, watu wafurahi, kisha majani yanyong'onyea. Mwenyewe aongeza maji. Kijiti chaoza.

Yale majani hayakuwa dalili ya mizizi. Ndani ya tawi mna akiba ya wanga na maji, nayo yatosha kufungua macho, yaani vile vinundu vinavyotoa majani, hata kama chini hakuna mzizi hata mmoja. Majani yakishakunjuka hupoteza maji, hasa kaskazi ikivuma, na hakuna cha kuyarudisha. Kumwagia zaidi ndiko kunakomalizia kazi, kwa sababu pale palipokatwa panahitaji hewa ili pajenge mizizi, na udongo wa chepechepe huinyima hewa na kualika kuvu.

Mizizi huchochewa na homoni iitwayo oksini. Hutengenezwa hasa kwenye machipukizi, hushuka, ikakusanyika penye mkato. Kwa hiyo kijiti kina juu na chini yake, usikipindue. Chukua tawi lililokomaa, nene kama penseli, sentimita 15 hadi 20, lenye macho matatu au manne. Kata chini kidogo ya kifundo, ondoa majani yote. Jihadhari na ule utomvu mweupe: ukikaa kwenye ngozi kisha ukapigwa na jua, waweza kuibabua.

Kwetu sisi tatizo kubwa zaidi ni chumvi. Mtini mzima huivumilia kiasi, kijiti kichanga hakiiwezi. Kwa hiyo mchanga wa ufuoni uache, na maji ya kisima cha chumvi vilevile. Tumia ya mvua, kama jabia, lile birika la kuhifadhia maji ya mvua, ina kitu. Mimi naona usumba wa makumbi, yaani nyuzi za maganda ya nazi, ndio bora, kwani hushika unyevu na bado hupitisha hewa. Lakini makumbi yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kamba yamejaa chumvi, basi suuza usumba mara kadhaa kwa maji matamu, kisha uminye mpaka usidondoke.

Ujaze kwenye chupa ya plastiki angavu iliyotobolewa chini, uzike kijiti hadi jicho la juu tu libaki nje, uweke kivulini. Usikivute kujaribu kama kimeshika. Mizizi michanga hukatika upesi. Itaonekana yenyewe ukutani mwa chupa, mara nyingi baada ya mwezi au zaidi, na hapo ndipo majani yanapoanza kuaminika.