Kazi ya mtandaoni kwa malazi: maana yake hasa

Mapatano yenyewe ni mepesi kuyaeleza. Msafiri mwenye ujuzi wa kompyuta anafika mahali, anapewa kitanda, na badala ya kulipa pesa anamfanyia mwenyeji kazi ya mtandaoni. Huenda akamtengenezea tovuti, akampigia picha za vyumba, akamjibia meseji za wageni wanaotaka kuweka nafasi, akamtafsiria maelezo au akamwendeshea kurasa za mitandao ya kijamii. Muda waliopatana ukiisha, anafunga begi lake na kuaga. Hakuna aliyemhesabia mwenzake noti.

Wanaotangaza nafasi za namna hii hupenda kuziita malazi ya bure. Neno hilo mimi silipendi hapa. Bure ni pale rafiki anapokutandikia godoro sebuleni na asikudai kitu. Huku unadaiwa, na deni lako linahesabiwa kwa saa. Ni ile biashara ya zamani ya mali kwa mali, isipokuwa mmoja analeta chumba na mwingine analeta ujuzi.

Mtindo huu ulianzia shambani. Mwaka 1971, Sue Coppard, katibu muhtasi jijini London, alitamani kutoka mjini mwishoni mwa wiki lakini hakuwa na shamba la kwenda. Akapanga safari ya watu wachache kwenda Sussex, kusini mwa Uingereza, wafanye kazi kwenye shamba la kilimo hai na wao wapewe chakula na mahali pa kulala. Safari hiyo ikazaa mtandao wa WWOOF, ambao leo una wenyeji katika nchi nyingi. Baadaye zikaja tovuti kama Workaway, mwaka 2002, na Worldpackers, mwaka 2014, ambazo msafiri hulipa ada ya mwaka ili aweze kuwasiliana na wenyeji. Hizi zikapanua uwanja, zikaingiza hosteli, nyumba za familia, miradi ya ujenzi na kadhalika. Kazi ya kompyuta ikapata mlango hapo. Mwenye hosteli ndogo hakosi mtu wa kufua mashuka, ila wa kumrekebishia tovuti au kumwandikia maelezo ya vyumba kwa lugha ya wageni wake, huyo si rahisi kumpata.

Waswahili walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika mapatano haya jembe linatajwa kabla mgeni hajapanda basi, na ni jembe la aina yake. Anayelima, kila mtu anaona alipofikia, na jua likizama amemaliza. Anayekaa na kompyuta haonekani alipofikia, wala jua halimhusu. Karibu ugomvi wote kati ya wageni na wenyeji wa kazi hizi unatoka hapo.

Tuseme mbunifu wa tovuti amepatana na mwenye hosteli: wiki tatu, saa 20 kwa wiki, tovuti mpya. Anafika Jumatatu akiwa na hamu ya kazi. Picha anazopewa zilipigwa usiku kwa simu, na kwenye moja kidole cha mpiga picha kimeziba nusu ya kitanda. Bei za vyumba ziko kwenye daftari la mapokezi, zimefutwa na kuandikwa upya mara tatu. Nenosiri la akaunti ambako jina la tovuti limesajiliwa analo mpwa wa mwenyeji, na mpwa hapokei simu. Siku mbili zinapita. Mwenyeji, kila akipita kibarazani, anamkuta mgeni ameketi, kompyuta mapajani, hafanyi kitu kinachoonekana. Mgeni naye moyoni anajua kwamba jana alikesha akisafisha zile picha. Hakuna mwongo kati yao, lakini kila mmoja ameshaanza kuhisi anapunjwa.

Kisha inafika wiki ya tatu. Tovuti iko hewani, inapendeza, na mwenyeji amefurahi kweli. Anasema, "Kwa kuwa bado upo, nisaidie na kile kidude cha malipo. Kadogo tu." Aliyewahi kuunganisha malipo kwenye tovuti anajua kwamba hakuna kadogo hapo: kuna kufungua akaunti, kuthibitisha vitambulisho, kujaribu kadi, na kupigiwa simu mwezi ujao mgeni fulani akikatwa pesa mara mbili.

Ndiyo maana kwa kazi ya mtandaoni naona ni heri kupatana kwa kazi kuliko kwa saa. Kurasa tano, picha arobaini zilizosafishwa, na kikao kimoja cha kumfundisha mwenyeji namna ya kubadilisha bei mwenyewe. Vikitimia hivyo, deni limeisha, hata kama ni siku ya tisa. Kuna kazi zisizopimika hivyo, kama kujibu meseji za wageni kila asubuhi, na hizo ni lazima zihesabiwe kwa saa. Basi ziandikwe, kwenye jedwali moja ambalo wote wawili wanaliona kwenye simu zao. Mali bila daftari huisha bila habari, na saa za mtu nazo ni mali.

Hesabu ya kujua kama mapatano yanakufaa haihitaji utaalamu. Tafuta bei ambayo mgeni wa kawaida angelipia kitanda hichohicho kwa wiki nzima. Kitanda hasa utakachopewa, kwa maana chumba kizuri cha kwenye picha mara nyingi kinaachiwa wanaolipa. Kisha jiulize, wateja wangu wa kawaida wangenilipa kiasi hicho kwa saa ngapi? Ikiwa ni saa nane, na mwenyeji anataka ishirini na tano, unamlipia kitanda mara tatu ya bei yake. Kwa mtaalamu mwenye wateja wa kutosha, mara nyingi hesabu inakataa, na ni nafuu afanye kazi yake, alipwe, akalipe chumba. Kwa anayeanza, ambaye hana wateja lakini anahitaji kazi za kuonyesha, hesabu inaweza kukubali vizuri kabisa.

Jambo ambalo mashambani halikuwepo ni kinachobaki mgeni akishaondoka. Aliyepalilia haachi nenosiri. Aliyetengeneza tovuti anaacha akaunti kadhaa, anaacha picha ambazo hakimiliki yake kwa kawaida ni ya aliyezipiga hadi waandikiane vingine, na anaacha namba yake ya simu kwa mtu ambaye siku tovuti ikilala atampigia yeye. Yote haya yanapangika mapema. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mwenyeji, kwa barua pepe ya mwenyeji. Akaunti zifunguliwe naye akiwa ameketi pembeni. Picha zikubaliwe zitatumika wapi. Na itajwe tarehe ambayo baada yake kila marekebisho yanalipiwa. Mwenyeji mwenye busara atalitaka hilo kuliko hata mgeni, kwa sababu hakuna hasara ya kijinga kama hosteli kufungiwa nje ya tovuti yake kwa kuwa aliyeitengeneza yuko bara jingine na amebadilisha namba.

Sehemu inayowaponza wengi ni viza. Watu hujifariji: silipwi, kwa hiyo sifanyi kazi. Maafisa wa uhamiaji wa nchi nyingi hawaoni hivyo, kwani kitanda nacho ni malipo. New Zealand inaionyesha vizuri tofauti ambayo wasafiri huichanganya. Tangu tarehe 27 Januari 2025, mwenye viza ya mgeni anaruhusiwa kufanya kazi ya mbali kwa mwajiri aliye nje ya nchi hiyo. Haruhusiwi kumfanyia kazi mwajiri wa humo wala kutoa huduma kwa biashara za humo, na kazi inayolipwa kwa malazi inahesabiwa kuwa kazi. Ukikaa hosteli ya Auckland ukimhudumia mteja wako wa Ujerumani, huna kosa. Ukifunga faili la Mjerumani ukafungua tovuti ya hosteli hiyohiyo ili upate pa kulala, umeshaingia makosani, na hujainuka hata kwenye kiti.

Uingereza nayo, tangu tarehe 31 Januari 2024, inamruhusu mgeni kuendelea na kazi yake ya mbali mradi isiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Kujitolea kunaruhusiwa kwa siku zisizozidi 30, na kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Hosteli ya biashara si shirika la hisani, hata mwenyewe awe mkarimu namna gani. Kodi pia haijasahaulika: Marekani, kwa mfano, huhesabu thamani ya kitu ulichopewa kwa kubadilishana huduma kuwa sehemu ya kipato chako. Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi, soma masharti ya viza yako kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi yenyewe. Tovuti zinazokutanisha wageni na wenyeji hukuachia jukumu hilo.

Yapo mambo yanayofanana na haya yasiyo haya. Anayelinda nyumba na kulisha paka wa mwenye nyumba aliyesafiri anapata malazi pia, ila kazi yake si ya mtandaoni. Mhamaji wa kidijitali anafanya kazi za wateja wake na kujilipia chumba, hivyo mwenye chumba hana neno juu ya saa zake. Na wapo wanaochanganya, asubuhi kazi ya mwenyeji, jioni kazi ya wateja. Hao ndio wanaochoka haraka kuliko wote, wakarudi nyumbani bila kuuona mji waliousafiria.

Intaneti nayo uiulizie kabla, tena kwa namba. "Intaneti ipo" ni jibu la kila mwenyeji. Muombe apime kasi akiwa ameketi mahali utakapofanyia kazi, akutumie picha ya majibu, na uangalie kasi ya kupakia faili, ambayo ndiyo husahaulika.

Meseji ya kwanza inaweza kuwa fupi tu: "Habari za kazi. Nimeona unahitaji tovuti. Ninaweza kukutengenezea kurasa tano na kukufundisha kuzibadilisha, kwa malazi ya siku kumi na nne katika chumba cha watu wasiozidi wanne. Nitahitaji picha, bei na nenosiri la akaunti ya jina la tovuti kabla sijafika. Kazi ikikamilika mapema, siku zilizobaki ni zangu. Kikihitajika kitu cha ziada, tutakipatania upya. Naomba pia kipimo cha intaneti na nakala ya masharti haya ukiwa umeyakubali." Mwenyeji akijibu kila kipengele, funga begi. Akijibu "Karibu sana, mengine tutayaongea ukifika," mwandikie mwingine.