Kutunza mafaili ya kumbukumbu bila bajeti kubwa, wenzetu wa nje wanafanyaje?

Watu wengi wakisikia kutunza nyaraka kidijitali wanawaza seva kubwa na hela ambayo haipo, basi wanakaa kusubiri bajeti na huku mafaili yamelala kwenye flashi na hadidiski za zamani yanaharibika kimya kimya. Mi naomba tusisubiri.

Karatasi inavumilia, faili halivumilii. Uingereza wana Domesday, kitabu cha ardhi na mali cha mwaka 1086, kimeandikwa kwenye ngozi na mpaka leo kinasomeka. Mwaka 1986 BBC wakatengeneza Domesday mpya ya kuadhimisha miaka 900, wakaiweka kwenye diski za leza, haikufika hata miaka 20 mashine za kuzisoma zikawa adimu kabisa ikabidi wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan watengeneze programu ya kuiga ile mashine ya zamani. Yani diski zipo mkononi ila pa kuzisomea hamna!

Sasa wenye hela kidogo wanafanyaje. Chuo kikuu cha Stanford walianzisha mfumo unaoitwa LOCKSS mwaka 1999, maktaba kadhaa kila moja inaweka kompyuta ya kawaida tu yenye nakala zake, halafu hizo kompyuta zinalinganisha nakala kwenye mtandao, ya kwako ikiharibika inarekebishwa kwa kutumia za wenzako. Hifadhi ya taifa ya Uingereza nayo inatoa programu ya DROID bure, unaielekeza kwenye folda inakwambia kila faili ni la fomati gani, hata lile ambalo jina lake limebadilishwa.

Kuna Archivematica pia, programu ya kutunza nyaraka za kidijitali, ya Canada, haiuzwi ila inataka mtu anayejua seva, kwa hiyo kama ofisi yako haina fundi wa IT usianzie hapo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni cheksamu. Kompyuta inalisoma faili zima inatoa mfuatano wa herufi na namba, ni kama alama ya kidole ya hilo faili, ikibadilika hata nukta moja ndani ya ripoti ya kurasa 200 mfuatano unatoka tofauti kabisa. Unauandika leo, baada ya miezi kadhaa unapiga tena unalinganisha, zisipofanana unajua nakala hiyo imeguswa au imeharibika na unachukua nyingine iliyo nzima. Programu zake ni za bure na kompyuta nyingi tayari zinakuja nazo.

Wamarekani wa NDSA, umoja wa taasisi zinazotunza nyaraka za kidijitali, wamepanga ngazi 4 za utunzaji, na ya kwanza haitishi, nakala mbili kamili sehemu mbili tofauti, cheksamu, na orodha ya ulichonacho. Sehemu tofauti maana yake jengo lingine jamani, sio droo ya pili ya meza ileile. Hiyo orodha hata kwenye Excel inatosha, andika faili limetoka kwa nani, lini, liko kwenye kifaa gani, na uanze na flashi za zamani zaidi maana hizo ndo zinakufa kwanza.