Udongo Upimwe Kabla ya Bikoni za Mipaka

Matangazo ya ploti za futi 50 kwa 100 huko Ruai, Utawala na Kamulu, upande wa mashariki wa Nairobi, hutaja stima, maji na barabara ya murram. Ukiuliza kuhusu maji taka unajibiwa, "Utachimba septiki." Jibu hilo linachukulia kwamba ardhi yoyote itakunywa chochote utakachoimwagia.

Tangi la septiki halisafishi maji, huyatuliza tu. Kinyesi kizito huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka yakiwa bado na vijidudu vya maradhi. Usafishaji wenyewe hufanyika nje ya tangi, ndani ya udongo, ambako bakteria wanaohitaji hewa hula uchafu huku udongo ukichuja vijidudu. Udongo ukijaa maji, hewa hukosekana na kazi hiyo hukwama. Ndiyo sababu inatakiwa angalau mita moja ya udongo usiojaa maji kati ya chini ya mtaro wa kunyonyea, ule unaopeleka maji ya tangi udongoni, na mwamba au maji ya ardhini.

Upande wa Karen na Kikuyu, udongo mwekundu una kina kirefu na humeguka vizuri. Japo ni mfinyanzi, hupitisha maji. Kuanzia Embakasi kuelekea nyanda za Athi hali ni nyingine. Udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mara nyingi ukichimba mita moja au mbili unagonga mwamba.

Udongo huu mweusi ndio unaodanganya wapimaji. Kipimo chenyewe ni rahisi: unachimba shimo dogo hadi kina ambacho mitaro itafika, unalijaza maji, kisha unaangalia yanashuka kwa kasi gani. Yakichukua zaidi ya saa moja kushuka milimita 25, mtaro wa kawaida hautafaa. Sasa fanya hivyo Februari, nyufa zikiwa wazi: maji yanatokomea mara moja na kila mtu anafurahi. Rudi Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea. Udongo umevimba, nyufa zimeziba, na maji yamesimama shimoni kama yaliyo kwenye karai. Kwa hiyo shimo lazima lilowekwe usiku kucha kabla ya kupima, na ikiwezekana kipimo kirudiwe wakati wa mvua. Mtaalamu aliyemwaga ndoo moja, akatazama saa yake kidogo na kuondoka, hajapima kitu.

Maji kushuka haraka mno nako si habari njema. Huenda yanapenya kwenye mwamba uliopasuka na kuelekea visimani bila kuchujwa.

Pamoja na kipimo hicho, chimbeni mashimo ya mita mbili hivi mtazame kuta zake. Mabaka ya kijivu yaliyochanganyika na rangi ya kutu huonyesha maji husimama hapo msimu wa mvua, hata kama leo pamekauka kabisa. Shimo moja halitoshi shamba zima. Mteremkoni, bondeni na karibu na mto, udongo hubadilika.

Kisha kuna hesabu ambayo mwenye ploti moja haioni. Nyumba 40, kila moja na watu watano wanaotumia lita 100 kwa siku, hutoa lita 20,000. Ploti zote 40 zina ukubwa wa ekari nne na nusu hivi. Maji hayo yakitandazwa sawasawa ni milimita moja kila siku, zaidi ya 360 kwa mwaka, juu ya mvua. Nayo hayatandazwi, humwagwa kwenye vipande vidogo, pengine jirani na kisima cha mtaa. Mita 30 kati ya kisima na mtaro ni umbali unaotumika sana, lakini jaribu kuupata kwenye ploti yenye urefu wa mita 30 tu.

Wanaouza bayodaijesta, matangi ambamo bakteria hula kinyesi, husema yao humaliza tatizo. Hupunguza uchafu, sawa, lakini lita 500 zikiingia, karibu lita 500 zitatoka, na udongo ni ule ule. Udongo ukikataa, njia zilizobaki ni laini ya maji taka, mtambo wa pamoja wa kusafisha maji, au tangi lisilovuja linalonyonywa na lori la eksosta, ambalo gharama yake haiishi. Mtambo wa pamoja unahitaji ploti yake kwenye ramani ya ugawaji. Hati za umiliki zikishatoka, hakuna atakayekubali kutoa yake.

Mnunuzi, omba ripoti ya udongo na usome tarehe ya kipimo. Ikiwa ni msimu wa kiangazi na udongo ni mweusi, uliza shimo lililolowekwa kwa muda gani.